Embu hadi Meru tukitafuta kinachoiweka ndege angani

"Mjomba, jiwe ukilirusha linaanguka. Ndege ni nzito kuliko mawe yote ya kwa nyanya. Mbona haianguki?"

Swali hilo liliulizwa na mpwa wangu, mwanafunzi wa Gredi ya 6, tukiwa hata hatujatoka Nairobi. Matatu yetu ya kwenda Embu ilikuwa imenaswa na msongamano karibu na Pangani, na juu yetu ikapita ndege kubwa ya rangi ya kijivu ikielekea kutua Eastleigh. Nilimjibu haraka haraka kwamba ndege ina injini.

"Hata matatu hii ina injini," akasema.

Abiria wa kiti cha nyuma alicheka. Mimi nilinyamaza. Chuoni nilifunzwa kuandika habari, sikufunzwa kutengeneza ndege. Lakini wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga, na mtu mzima anayemfukuza mtoto anayeuliza hujifukuza mwenyewe. Nikamwahidi kwamba kabla ya kurudi mjini tutakuwa tumelipata jibu. Tulikuwa na siku nne, na njia yetu ilikuwa ikipita upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kutoka Embu kupitia Chuka hadi Meru. Sikujua kwamba njia hiyo ndiyo ingekuwa mwalimu wetu.

NYANYA ANAPOTAZAMA JUU

Ukitoka Nairobi unapita Thika, kisha unaingia tambarare za Mwea ambako mpunga umejaa maji pande zote, halafu barabara inaanza kupanda polepole. Mji wa Embu uko zaidi ya kilomita 120 kutoka Nairobi, na umeinuka mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari. Sisi hatukukaa mjini. Tuliunganisha gari jingine hadi pande za Kianjokoma, mahali ambapo kahawa inaachia chai nafasi, na chai nayo inakoma ghafla mbele ya ukuta wa msitu wa mlima.

Nyanya yetu alikuwa ameketi nje akipukuchua maharagwe. Baada ya salamu na chai, mara tukasikia mngurumo wa ndege ndogo ikipita chini chini juu ya msitu. Mikono ya nyanya ilisimama. Alitazama juu, akaifuata ndege hiyo kwa macho hadi ilipotoweka, ndipo akarudia maharagwe yake.

"Nyanya, unaogopa ndege?" mpwa wangu akauliza.

"Siogopi," akasema. "Naiangalia tu nijue inaenda wapi."

Ndipo akatusimulia. Alikuwa msichana mdogo wakati serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Kati ya 1953 na 1955, ndege za jeshi la anga la Uingereza zilidondosha mabomu katika misitu ya Mlima Kenya na Aberdare ili kuwamaliza wapiganaji wa Mau Mau. Zilikuwako Harvard, ndege ndogo za injini moja zilizokuwa zikiruka kutoka Mweiga kule Nyeri. Zilikuwako pia Lincoln, ndege kubwa za injini nne kutoka Eastleigh, pale pale tulipoiona ile ya asubuhi ikienda kutua. Nyanya hakujua majina hayo. Alijua sauti. Alisema mlio wa bomu ulipotoka msituni mbuzi walikata kamba, na mama yake aliwafunika watoto kwa mwili wake kana kwamba mwili wa mtu unaweza kuzuia kitu.

"Ile kubwa," akaongeza, "ikiachilia mzigo wake, ilikuwa inanyanyuka kidogo. Kama punda aliyetuliwa gunia."

Usiku huo niliyafikiria sana maneno hayo ya punda. Nyanya hakwenda shule, lakini alikuwa ametupa nusu ya jibu.

NGUVU NNE ZINAZOVUTANA

Msomaji, ndege iliyo angani ni kama kamba inayovutwa na watu wanne. Wa kwanza ni uzito. Dunia huvuta kila kitu kuelekea chini, iwe embe, mtoto au ndege. Wa pili ni nguvu ya kuinua, inayotoka kwenye mabawa na kuivuta ndege juu. Wa tatu ni msukumo, unaotoka kwenye injini na kuipeleka ndege mbele. Wa nne ni ukinzani wa hewa, unaoirudisha nyuma, sawa na upepo unaokusukuma kifuani unapoteremka mlima kwa baiskeli. Walimu wa sayansi huziita nguvu hizi kani.

Ndege inapokwenda sawa, bila kupanda wala kushuka, bila kuongeza mwendo wala kupunguza, nguvu hizi huwa zimetoshana. Ya kuinua ni sawa na uzito, na msukumo ni sawa na ukinzani. Hakuna anayeshinda. Sasa rudi kwa punda wa nyanya. Bomu lilipoachiliwa, uzito ulipungua ghafla, lakini mabawa yalikuwa bado yanainua kama mwanzo. Kwa muda mfupi nguvu ya kuinua ikauzidi uzito, na ndege ikanyanyuka hadi rubani alipoisawazisha.

Asubuhi iliyofuata mlima ulikuwa wazi, theluji iking'aa kwenye vilele. Juu ya mashamba ya chai mwewe alikuwa akizunguka bila kupiga bawa hata mara moja. Mpwa wangu akanishika shati. "Huyo hana injini, mjomba. Msukumo wake uko wapi?"

Jibu ni kwamba mwewe huteleza kwenye hewa kama mtoto anayeteleza kwenye kilima. Uzito wake mwenyewe ndio unaompeleka mbele huku akishuka kidogo kidogo. Haonekani akishuka kwa sababu jua likipasha ardhi moto, hewa iliyo juu yake huwa nyepesi na hupanda. Mwewe hutafuta hewa hiyo inayopanda na kuzunguka ndani yake. Anateremka ndani ya kitu kinachopanda haraka kuliko anavyoteremka, kwa hiyo anafika juu. Marubani wa ndege zisizo na injini hutumia ujanja huo huo.

"RUDISHA MKONO NDANI!"

Barabara ya Embu kwenda Meru ni ya kona na mabonde. Kila mto unaotoka mlimani umechimba bonde lake, na barabara inateremka hadi darajani kisha inapanda tena. Unapita Runyenjes, unavuka mto Thuci na kuingia Tharaka-Nithi, unafika Chuka. Mbele kidogo kuna daraja la mto Nithi, ambalo jina lake hutamkwa kwa sauti ya chini ndani ya matatu. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 wakaaga dunia. Dereva wetu alipunguza mwendo mapema, na abiria wakatulia.

Ilikuwa kabla ya hapo, kwenye mteremko mmoja karibu na Chuka, ndipo somo la pili lilipopatikana. Mpwa wangu alitoa kiganja dirishani. Utingo alimwona papo hapo.

"Wewe kijana! Rudisha mkono ndani! Unataka ubaki Chuka?"

Utingo alikuwa na haki, na sishauri mtoto yeyote amwige. Lakini zile sekunde tatu zilitosha. Mtoto alikuwa amehisi kitu.

"Nikiulaza mkono, hewa inapita tu," alinieleza kwa furaha. "Nikiinua kidogo upande wa mbele, mkono unarushwa juu. Nikiusimamisha, unasukumwa nyuma."

Hapo ndipo siri ya bawa ilipo. Bawa limewekwa likiinamia hewa kidogo, upande wa mbele ukiwa juu kuliko wa nyuma, na kwa kawaida mgongo wake umeviringika. Linapopita hewani, hewa huelekezwa chini. Mwingereza Isaac Newton alieleza mwaka 1687 kwamba kila ukisukuma kitu, nacho hukusukuma kwa nguvu sawa upande wa pili. Bawa linaisukuma hewa chini, na hewa inalisukuma bawa juu. Wakati huo huo hewa ya juu ya bawa hupita kwa kasi zaidi na shinikizo lake hupungua, huku la chini likibaki kubwa. Hayo si maelezo mawili yanayopingana. Ni jambo moja linalotazamwa pande mbili.

Wanafunzi wengi wamefunzwa kwamba hewa ya juu hukimbia kwa sababu ina safari ndefu zaidi na lazima ikutane na ya chini kwenye ukingo wa nyuma. Si kweli. Hazina miadi ya kukutana, na hewa ya juu hufika kwanza. Tena, kama umbo la mgongo ndilo lingekuwa kila kitu, ndege za maonyesho zisingeweza kuruka zikiwa zimepinduka.

Lakini kuna mpaka. Rubani akiliinua bawa mno, kwa kawaida kupita nyuzi 15 hivi, hewa hushindwa kuufuata mgongo wa bawa na huanza kuvurugika. Nguvu ya kuinua hupungua ghafla, hata kama injini inanguruma. Ndiyo maana rubani hufunzwa kutoivuta pua ya ndege juu kwa pupa.

Mwendo nao una hesabu yake. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kuinua huongezeka mara nne. Ndege ndogo kama Cessna 172 huachana na ardhi ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa, usiozidi sana ule wa kilomita 80 ulioruhusiwa matatu. Kwa hiyo mpwa wangu alikuwa na haki kule Pangani. Injini pekee si jibu. Matatu ina msukumo, ina uzito, ina ukinzani. Ilichokosa ni bawa.

MLIMA HAUSOGEI

Kati ya Nkubu na mji wa Meru barabara huvuka ikweta. Hapo tulisimama kunyoosha miguu, na kwa bahati mawingu yakafunguka, tukauona mlima kwa dakika tano kabla haujajifunika tena. Nilimwonyesha mpwa wangu upande wa kilele cha Lenana, chenye mita 4,985.

Julai 19, 2003, ndege iliyokuwa imekodiwa na watalii, ikitoka uwanja wa Wilson kuelekea Samburu, ilijibamiza kwenye Lenana. Watu wote 14 waliokuwamo walikufa, abiria 12 na marubani wawili. Wengi wa abiria hao walikuwa wa ukoo mmoja kutoka Marekani, babu na nyanya wakisafiri na watoto na wajukuu.

Mpwa wangu akauliza ni nguvu gani kati ya zile nne iliyokosekana. Nikamwambia kwamba nguvu nne hazijui mlima uko wapi. Kuijua njia ni kazi ya binadamu.

Hata hivyo mlima huu una mtihani wake wa hewa. Kadiri unavyopanda, hewa huwa chache. Katika mita 5,000 hewa iliyomo ndani ya kila debe ni kama asilimia 60 tu ya ile ya Mombasa. Bawa hupata hewa kidogo ya kusukuma, rafadha hupata kidogo ya kukata, na injini hupata kidogo ya kuvuta. Septemba 1970, daktari kijana kutoka Austria, Gert Judmaier, aliumia vibaya karibu na kilele cha Batian. Katika juhudi za kumwokoa, helikopta ilianguka mlimani na rubani wake Mmarekani, Jim Hastings, akafa. Judmaier aliteremshwa baada ya siku nyingi na akapona. Mtu anapokwambia huko juu ni pabaya kwa ndege, hasemi kwa kuogopa baridi.

BUNDA LA MIRAA NA KILOMITA 1.4

Kutoka Meru tulikwenda Maua, kwenye vilima vya Nyambene. Huko mti wa miraa ndio karo, ndio hospitali, ndio mahari. Tuliwakuta vijana wakifunga mabunda kwa majani ya migomba ili yasinyauke, na nje pikapu ikisubiri injini ikinguruma. Miraa haina subira. Baada ya siku mbili hivi tangu ichumwe, ladha na bei yake huanza kufa. Kwa hiyo kwa miaka mingi mkulima wa hapa amelitegemea bawa la ndege ingawa huenda hajawahi kulipanda.

Mzee mmoja aliyetukaribisha kivulini alituhesabia mapigo. Uholanzi iliipiga miraa marufuku mwaka 2013, na Uingereza mwaka uliofuata. Kisha Machi 2020 Somalia, soko lililokuwa limebaki kuwa tegemeo, ikafunga anga yake kwa ndege za miraa. Zilirudi Julai 2022.

"Miaka miwili na zaidi," alisema. "Mti unachipuka, hakuna wa kuuchukua. Nilimtoa msichana wangu shule ya bweni."

Mpwa wangu aliliinua bunda moja, akalipima mkononi. "Ndege inabeba mangapi?"

Swali hilo lilitupeleka Isiolo siku iliyofuata. Ukitoka Meru unateremka kutoka kwenye ukungu na migomba hadi kwenye joto na miiba, na koti unalivua njiani. Uwanja wa ndege wa Isiolo umekalia mpaka wa kaunti za Isiolo na Meru. Ulifunguliwa rasmi mwaka 2017, na wakulima wengi wa Nyambene walitumaini kwamba miraa ingepaa kutoka hapo badala ya kukimbizwa kwa pikapu hadi Nairobi usiku kucha. Lakini ulipofunguliwa njia yake ya kurukia ilikuwa na kilomita 1.4. Ile ya Jomo Kenyatta ina zaidi ya kilomita 4.

Kwa nini urefu uwe muhimu hivyo? Tuliketi nje ya uzio na daftari lake la hesabu. Ukiongeza uzito wa ndege kwa asilimia 21, lazima kasi ya kuruka nayo ipande kwa asilimia 10, kwa sababu mara nne ya nguvu huja kwa mara mbili ya mwendo. Na ndege nzito huchelewa kuupata mwendo huo, kama pikapu iliyojaa inavyochelewa kwenye mlima. Ukiyajumlisha yote mawili, njia inayohitajika hurefuka kwa zaidi ya asilimia 40. Kisha kuna Isiolo kwenyewe. Uko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, ambako hewa tayari imepungua, na jua la mchana huipasha na kuipunguza zaidi. Hewa ile ile ya moto inayompa mwewe lifti ya bure humnyima rubani wa mizigo nguvu anayoihitaji.

Kwa hiyo ndege ndogo itaondoka Isiolo bila taabu, lakini ndege kubwa ya mizigo iliyojaa italazimika kuacha mabunda chini au isije kabisa. Mzee wa Maua alikuwa amelalamika kwamba uwanja huo ulijengwa karibu naye lakini haumfai. Hesabu iliyoko kwenye daftari la mtoto ilionyesha kwamba malalamiko yake hayakuwa porojo.

Karibu na saa kumi ndege ndogo yenye rafadha moja ilisogea hadi mwisho wa njia, ikageuka, ikasimama kidogo. Mlio ukapanda. Mpwa wangu alishika uzio.

"Msukumo," alisema ilipoanza kukimbia. "Ukinzani," vumbi lilipotimka. Kisha pua ikainuka kidogo tu, kama kiganja chake kule Chuka, na magurudumu yakaacha lami. Hakusema kitu hadi ilipokuwa ndogo kama mwewe.

Jioni hiyo tulimpigia nyanya simu. Mtoto alimweleza yote, nguvu moja baada ya nyingine, hata habari ya punda na gunia, akamwambia kwamba ni yeye nyanya aliyetangulia kulijua jibu. Nyanya alisikiliza kwa makini hadi mwisho.

"Umesoma vizuri, mjukuu wangu," akasema. "Sasa najua kwa nini haianguki. Ukiwa rubani, na wewe ujue walio chini yake ni akina nani."

Mtoto aliitikia, "Sawa, nyanya," akanirudishia simu. Usiku ule alilala na daftari lake chini ya mto.